Mstari Ulipolalia Kushoto

Akidi aliiangusha ndege tena. Safari hii aliiangusha hapahapa Wandegeya, Kampala, akiwa ameketi kwenye kiti kisichokwenda popote, ghorofa ya tatu juu ya duka la kuchapisha karatasi, na kioo mbele yake kikawa chekundu. Tusitishane, hakufa mtu; ilikuwa mashine ya mazoezi ya marubani. Lakini aibu yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Ukiiona ardhi unarusha vizuri, mashallah," alisema mwalimu wake, Umulkheir. "Nikikuletea mawingu tu, unaizamisha. Kwa nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Kesho ndio mwisho. Ukianguka tena ndani ya mawingu, chuo kinakutoa. Si mimi niliyeamua, binti yangu. Ni sheria."

Akidi alishuka ngazi akiwa amevurugika kabisa. Kilichomchanganya ni kwamba nyumbani hakosei! Baba yake, mzee Komakech, aliwahi kurusha ndege za jeshi zilizotoka Urusi, na kila jioni alimfundisha kusoma saa ya mlalo, ile inayomwonyesha rubani ndege imelalia upande gani pale macho yasipoona ardhi wala anga. Mzee alichukua kifuniko cha ndoo, akachora mstari katikati, kisha akapigilia juu yake kindege cha mbao kinachozunguka. Kindege kikilalia kushoto, Akidi anasukuma usukani kulia. Kikilalia kulia, anasukuma kushoto. Kuna ugumu gani hapo?

Jioni ile hakukosea hata mara moja. "Unaona?" mzee akapiga paja. "Wewe ni damu yangu! Hao walimu wako wanakutisha bure." Akidi akabaki anajiuliza kama ana vichwa viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja cha chuo. Hata alifikiri amerogwa, Mungu amsamehe.

Kesho yake mzee akavaa koti na kumsindikiza. Nani angemzuia? Alipofika akapiga saluti, akaomba aijaribu mashine kwanza ili mtoto aone inavyofanywa. Umulkheir amelelewa kuheshimu wazee. "Karibu, afande," akasema, "kiti ni chako."

Loo! Mawingu yalipofunga, ndege ikalalia kulia kidogo. Mzee akatupa jicho kwenye saa, akasukuma usukani kulia bila kusita. Ndege ikazidi kulala, ikapinduka, kioo kikawa chekundu.

"Mashine yenu iko mbovu!" mzee akafoka. "Mimi nimerusha ndege kabla nyinyi wote hamjazaliwa!"

Umulkheir aliuma midomo asicheke. Akidi yeye hakuwa na kicheko. Mkono ule aliujua. Ulikosea vilevile kama wake. Watu wawili hawawezi kuwa wajinga kwa namna moja, akawaza, akasogea kuitazama saa kana kwamba hajawahi kuiona. Ah! Hapa kindege kimekazwa, hakisogei, na kinachoinama ni mstari. Kwenye kifuniko cha baba yake, kama kwenye zile ndege zake za Urusi, mstari ulitulia na kindege ndicho kilichoinama. Kwa hiyo hapa ndege ikilalia kulia, mstari unalalia kushoto, naye na baba yake wakiona kitu kimelalia kushoto wanakimbilia kulia, wanaiangusha ndege yao wenyewe. Alielewa. Kisha akahisi hajaelewa. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, mpaka shingo ikamuuma.

"Keti, Akidi," mwalimu akaita.

Akaketi. Mawingu yakaja. Mstari ukaanza kulalia kushoto.

"Kulia!" Sauti ya mzee ilitoka nyuma yake. "Akidi, kulia!"

Mikono ikatii kabla kichwa hakijaulizwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuipinga sauti ile. Mstari ukazidi kuinama, na sasa hakujua tena kinachosogea ni kipi, yeye au dunia, wala nani wa kumwamini.

"Afande, tafadhali," Umulkheir akasihi.

"Kulia, nasema! Utakufa!"

"Baba, nyamaza!"

Akasukuma kushoto. Mstari ukasita, ukainuka polepole, ukakaa sawa. Baadaye ukalalia kulia. Akaufuata kulekule kulia, meno yamekazana, nao ukarudi. Aliufuata hivyo hivyo, huku haamini, mpaka mawingu yakafunguka na paa za Kampala zikaonekana chini, kila moja mahali pake.

"Umepita," alisema Umulkheir. "Alhamdulillahi, umepita!"

Furaha haikuja. Kilichomjia kwanza ni hofu: amemnyamazisha baba yake mbele ya watu. Akageuka. Mzee alikuwa bado ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, macho yakitoka kwenye kindege kwenda kwenye mstari, yakarudi, yakaenda tena.

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe wewe?" Sauti ya gwaride ilikuwa imemwisha. "Mwanangu, yangekuwa mawingu ya kweli, ningekuua."

Akidi akasimama, akamshika mzee kiwiko, akamketisha kwenye kiti chake. Komakech akaweka mikono juu ya usukani na hakuthubutu kuusogeza. Umulkheir akarudisha mawingu. Mstari ukaanza kuinama, na mzee akamwinulia binti yake macho.

"Nisukume wapi, mwalimu?"