Kikombe Chini ya Sinki

Wakiniita Dada, msidhani mimi ni dada yao. Ndiyo kazi yangu. Nalea pacha wa watu, wana miaka miwili, na wazazi wao walipokwenda kutembea nchi za nje walinibeba pamoja na vigari vya watoto. Nilikubali kwa sharti moja, nikalisema mbele ya mume na mke: safarini nipate siku moja ya kupumzika. "Jumatano," akasema Baba Pacha. Ahadi ni deni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilishuka nalo kwenye ndege. Basi Jumatano asubuhi, nimevaa gauni langu la njano na mkono uko mlangoni, Mama Pacha akaja na mtoto kiunoni.

"Dada, tunaenda madukani. Si twende wote? Utanishikia huyu mmoja tu."

"Madukani nitafika, Mama. Ila leo sibebi mtu."

Akacheka, akidhani natania. "Mtoto analia na wewe unaondoka?"

"Ana mama na ana baba. Bahati yake hiyo."

Nikashuka ngazi. Niliogopa, siwafichi. Kazi ile ndiyo inayomsomesha mdogo wangu, na Mama Pacha anaweza kumfukuza mtu kazi kabla chai haijapoa. Lakini nilijua nikirudi juu leo, siku nyingine sitaipata.

Nikaingia duka la viatu, nikajaribu vyekundu vyenye kisigino, nikatembea navyo hadi kwenye kioo na kurudi, kisha nikavivua. Muuzaji akanuna. Nikamwacha anune. Kwenye duka la vitambaa nikashika kila jora, nikanusa sabuni za duka la jirani, nikasimama dirishani pa muuza mikate mpaka nikachoka mwenyewe. Hakuna aliyenivuta gauni kudai maji.

Mchana njaa ikaniingiza kwenye mkahawa mdogo. Lugha yao siijui, nikaonyesha kwa kidole sahani ya jirani: samaki, viazi na mboga. Jamani, chakula cha moto! Kwa Mama Pacha nakula wote wakishashiba, nimesimama jikoni, na chakula kimeshapoa. Nilipomaliza, mwili ukanisaliti. Nikaokota sahani yangu, nikaokota na ya jirani, nikaingia nazo jikoni na kufungua bomba.

Mpishi, mama mmoja mwenye mikono minene, alinitazama akaangua kicheko. Akaninyang'anya sponji, akanishika mabega, akanirudisha mezani na kunivutia kiti. Nikakaa. Aibu ilinishika kwanza, halafu ikageuka hasira. Hivi ni nani aliyenifundisha kwamba sistahili kula bila kuosha?

Hapo nikakikumbuka kikombe changu. Ni cha plastiki, cha kijani, kinakaa chini ya sinki jirani na dawa ya mende, maana vyombo vya wenyewe siruhusiwi kuvinywea. Hata safarini walikipakia, na kwenye nyumba tuliyopanga kikapelekwa kulekule chini ya sinki. Nikavuka barabara hadi duka la vyombo, nikanunua kikombe cheupe chenye ua la buluu, na kisahani chake.

Jioni niliwakuta mezani wanakunywa chai, pacha wamelala chumbani. Nikawasalimia. Nikaosha kikombe changu kipya, nikamimina chai kutoka kwenye birika lao, nikasogea mezani.

"Hicho cha nani?" akauliza Mama Pacha.

"Changu."

"Chako si kiko chini ya sinki?"

"Kile nimekitupa sasa hivi, Mama. Hiki kitakaa kabatini na vingine."

Baba Pacha akajitia hamnazo, anakoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Dada, nisikilize vizuri," akasema Mama Pacha. " Ukikaa kwenye kiti hicho, tukirudi nyumbani utafute kazi nyingine."

Nilimfikiria mdogo wangu. Kisha nikavuta kiti, nikakaa.

Chumbani pacha mmoja akaanza kulia. Mama Pacha akanitazama, akangoja. Nikapuliza chai yangu. Mtoto akapandisha sauti, na wa pili akamwitikia. Baba Pacha, bila kuinua macho, akanisogezea bakuli la sukari.

Mama Pacha akainuka mwenyewe.