Vidonge vya Asiya na Usingizi wa Batuli

Batuli alikuwa na miaka hamsini na miwili joto lilipomwingia. Si joto la Rumonge, mji wake wa ziwani kusini mwa Burundi, hilo alizaliwa nalo. Hili lilianzia kifuani, likapanda shingoni kama maziwa yanayofurika, na lilimkuta popote lilipotaka. Lilimkuta sokoni akiwapimia watu mawese, akavua mtandio mbele ya umati. Lilimkuta msibani, akajipepea kwa kijitabu cha Yasini mpaka shangazi wa marehemu akamnyang'anya. Kitandani ndiyo usiseme. Mumewe Ramazani, fundi cherehani mpole ambaye nusura akiombe radhi kitambaa kabla ya kukikata, alihamia sebuleni na mkeka wake akisema vita moja inamtosha.

Vita hiyo moja ilikuwa imeingia mwaka wa nne. Nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo, na dawa zilikuja Rumonge kama wageni wazuri, kwa nadra na bila kusema zitarudi lini. Batuli alijua thamani ya dawa. Miaka saba nyuma daktari mmoja wa Bujumbura, Modeste, alimkata rovu lililokuwa limeota shingoni mwake kama papai, akaondoa na tezi yote ya shingo. Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya chai, Batuli alimeza kidonge kimoja cheupe kilichofanya kazi ya ile tezi. Hakuwahi kukosa. Bunduki zikilia, wenzake walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na kopo la vidonge.

Vidonge hivyo alivipata kwa mdogo wake, Asiya, aliyeolewa Brussels na aliyekuwa akimtumia kwa mikono ya wasafiri. Asiya aliposikia habari za joto, akaongeza boksi la pili. Aliandika kwamba hivi ni homoni za kike, kwamba wanawake wa Kizungu wakishakoma hedhi wanavimeza, na kwamba yeye mwenyewe sasa analala kama mtoto. Batuli hakuuliza zaidi. Mtu akikuletea maji jangwani humuulizi kisima.

Baada ya wiki tatu joto likakoma. Mtandio ukakaa kichwani, Ramazani akarudishwa chumbani, na yaliyofuata huko ni ya wenyewe. Inatosha kusema kwamba kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Ramazani aliishukuru Ubelgiji.

Raha hiyo haikumaliza miezi miwili. Batuli alianza kusikia baridi, na mwenye kusikia baridi Rumonge saa saba za mchana lazima watu wamtazame. Alivaa koti la sufu la mumewe juu ya kitenge. Uso ukamvimba, sauti ikawa nzito kama ya mwadhini mwenye mafua, choo akakipata siku ya sita, tena kwa dua. Alisinzia akipima mawese, bidoni likafurika na mguu wa mteja ukapakwa mafuta bure. Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni ulimi. Batuli alikuwa na ulimi ambao wachuuzi wa soko zima waliuogopa. Sasa mtu alimtukana, akanunua, akaondoka, na jibu lilimjia Batuli wakati mtu huyo amekwisha fika Magara, mji mwingine kabisa.

Ramazani alisema ni uchovu wa vita. Jirani mmoja alisema ni jini, tena la baridi, kutoka ziwani. Batuli mwenyewe aliona ni uzee, akakasirika kwamba umekuja wote siku moja.

Basi Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, risasi zikalia upande wa vilima. Mtaa wote wa Waswahili ukatimka kuelekea ziwani. Ramazani alimvuta mkewe mkono. Batuli akamwambia atangulie, yeye anavaa viatu. Akakaa kitandani, akavaa kimoja. Kile cha pili kilikuwa mbali, karibu hatua mbili, akaona apumzike kidogo kwanza. Akalala.

Alipofumbua macho, watu watatu wenye bunduki walikuwa wamesimama chumbani. Viatu vyao vilikuwa na matope mekundu, na yale matope ndiyo yaliyomshughulisha. Akawatazama kwa macho yaliyovimba, ndani ya koti la sufu, na kwa ile sauti nzito akawaambia taratibu:

"Muvue viatu. Nimetoka kupangusa."

Mmoja alisogea akamgusa mkono, akakuta ni wa baridi kama samaki wa jana, akaurudisha wake upesi na kuupangusa kwenye suruali. Wakasemezana jambo ambalo hakulisikia, wakatoka kinyumenyume kama waliosemeshwa na maiti. Batuli akajigeuza upande wa ukuta, akaendelea na usingizi.

Jioni watu waliporudi, nyumba zao zilikuwa zimekombwa. Redio, mablanketi, mbuzi, hata mlango wa mtu. Kwa Batuli haikupungua hata bilauri, na yeye mwenyewe alikuwa anakoroma na kiatu kimoja mguuni.

Siku mbili wakamwita shujaa. Siku ya tatu wakaanza kufikiri, na mtu aliyeibiwa akifikiri huwa hafikii mahali pazuri. Kwa nini yeye tu? Amewajuaje? Kuna aliyewahi kumwona akiwauzia mawese? Mwaka ule maneno kama hayo yalikuwa yanaua watu, na hayakuhitaji kuwa kweli. Mkuu wa mtaa, Mustafa, mtu aliyependa haki na aliyependa zaidi kuitwa mheshimiwa, akamwita Batuli, au Mama Riziki kama alivyoitwa mtaani, barazani kwake aje ajieleze.

Batuli alikuja na koti lake. Ramazani alikaa nyuma yake, anatetemeka kwa ajili ya wote wawili. Wazee walikaa upande mmoja, wenye nyumba zilizoibiwa upande wa pili, na pembeni alikuwapo Généreuse, muuguzi Mkongomani aliyekimbia Uvira mwaka uliotangulia na sasa alifanya kazi katika zahanati ya mtaa. Aliitwa kwa sababu alikuwa na kalamu, aandike kitakachosemwa.

Mustafa alianza kwa bismillahi, akapanda kwenye amani, akazunguka kwenye ujirani mwema, na alipofika penye swali lenyewe, "Mama Riziki, tueleze, wale watu unawajua?", mshitakiwa alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi.

Baadhi ya watu walisema ni dharau. Généreuse aliweka kalamu chini. Akamwendea Batuli, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo yake, akabonyeza mguu uliovimba, akatazama nyusi zilizokuwa zimepukutika pembeni. Akaliona kovu la shingo. Akamwamsha.

"Mama, iko dawa gani unakunywa?"

"Ile ya shingo tu. Kila asubuhi, sijaacha hata siku moja."

"Na ingine?"

"Hakuna ingine."

Généreuse alimtazama Ramazani. Ramazani akatazama kucha zake, maana jambo la chumbani ni gumu kusema mbele ya wazee, kisha akanong'ona kwamba kuna vile vya joto.

"Vile si dawa," Batuli akasema. "Vile ni zawadi. Mudogo wangu alinitumia."

Généreuse akaomba boksi liletwe. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo ya Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, ambayo haikuwahi kukunjuliwa. Aliisoma kwa kidole, baraza zima likisubiri, mpaka akafika kwenye mstari uliosema kwamba anayetumia dawa ya tezi ya shingo amwambie daktari wake. Akamwambia Mustafa kwamba huyu hana siri na mtu yeyote. Huyu ni mgonjwa, na anatakiwa Bujumbura kwa daktari. Mustafa hakupenda kesi yake ichukuliwe na karatasi ya vidonge, lakini akakubali kwa sharti moja, arudi na cheti chenye muhuri.

Walisafiri katika msafara wa magari uliosindikizwa na askari. Abiria wengine walisoma dua na rozari kila kona iliyokuwa na kichaka. Batuli alilala kutoka Rumonge hadi Bujumbura.

Daktari Modeste alikuwa amezeeka na alikuwa hana glavu, lakini alimkumbuka. Alisikiliza yote, akatoa damu ya kupimwa, kisha akaeleza kama anayeelezea mzigo.

"Kidonge chako cha shingo kikiingia kwenye damu kinabebwa na wapagazi. Dawa iliyobebwa haifanyi kazi. Inafanya kazi ile kidogo iliyoshuka, inayotembea yenyewe. Sasa hivi vya Asiya, ukivimeza vinapita kwenye ini, na ini linaajiri wapagazi wapya. Wapagazi wakizidi, karibu dawa yote inabebwa."

"Mbona Asiya yeye hasinzii mchana kama mimi?"

"Asiya ana tezi yake. Ikiona upungufu inaongeza kazi. Yako niliitupa mwenyewe kwenye ndoo."

Akasema njia ziko tatu. Kuacha vidonge vya joto. Au kutumia homoni ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haipiti kwanza kwenye ini na haiongezi wapagazi, lakini yeye kwa vikwazo hivi hana hata plasta ya kidonda. Au kuongeza kidonge cha shingo. Batuli alisema, kwa ulegevu lakini bila kusita, kwamba joto harudii. Basi Modeste akampangia kidonge kimoja na robo kila alfajiri, arudi baada ya wiki sita apimwe tena. Akamwonya asijiongezee mwenyewe kwa pupa, kwani ikizidi moyo utakwenda mbio na mifupa italika. Na siku akiacha vidonge vya Asiya, aje kwanza apunguziwe hivi vingine.

Kisha Ramazani akaomba cheti. Modeste alicheka mpaka akakohoa, lakini alikiandika. Kilisema kwa Kifaransa kizito kwamba mhusika, kwa sababu za kitabibu, tarehe iliyotajwa hakuwa na uwezo wa kukimbia. Mustafa alikisoma mara mbili, akaupenda muhuri, akatangaza kesi imefungwa. Wenye mbuzi walioibiwa hawakuridhika, lakini muhuri ni muhuri.

Wiki ziliposogea, Batuli akaanza kurudi. Kwanza choo, alhamdulillahi. Kisha koti likavuliwa. Kisha ulimi, na wachuuzi waliojizoesha kumtukana wakajuta wote siku moja, tena kabla ya saa nne asubuhi. Damu ilipopimwa tena, Modeste alimwambia kipimo kimekaa sawa.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba woga nao utarudi. Ulimjia mchana mweupe, akiwa kwenye karakana ya Ramazani anatafuta uzi. Aliona matope mekundu kwenye kiatu cha mteja, na Alhamisi ile ikamrudia yote. Wale watu watatu walikuwa wamesimama kando ya kitanda chake. Bunduki moja ilikuwa imeelekea tumboni mwake. Alikuwa ameyaona yote haya siku ile, lakini hakuwa ameyasikia moyoni. Akakaa chini kati ya vipande vya vitambaa, akalia.

Ramazani aliacha cherehani. Alikaa naye chini, akasema jambo alilokuwa nalo tangu Alhamisi ile.

"Nilifika ziwani nikageuka, nikaona haupo. Nilikuona haupo, Mama Riziki. Sikurudi."

Batuli hakumjibu siku mbili, na kwa vile sasa alikuwa na ulimi wake wote, kimya hicho kilimuumiza Ramazani kuliko matusi. Siku ya tatu akamletea chai karakanani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ungerudi ungewafanya nini? Ungewapima suti?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini uamue leo, Baba Riziki, si siku ile. Zikilia tena, tunakimbia wote au tunakaa wote?"

Ramazani alifikiri sana, akasema wakimbie.

"Sawa," akasema Batuli. "Kukaa nimeshajaribu."

Zililia tena kabla mwezi haujaisha. Walikimbia pamoja, yeye na kopo lake, Ramazani mbele kwa kuwa alikuwa mwepesi, akigeuka kila hatua kumi kuhakikisha kama mkewe yupo, jambo lililowachelewesha wote wawili.