Vikombe vya Anuari

Hajira, jirani yetu mshona nguo, anadai kwamba siku ya kisomo cha kuiaga nyumba, marehemu Bi. Kijakazi alimpa radhi binti mmoja na kumwacha mwingine mkavu. Anasema alikuwepo, hatua mbili tu kutoka kwenye mkeka. Anasema Salma, binti mkubwa, alipiga magoti mbele ya mama yake, na mama akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga kama mtu aliyesikia harufu mbaya, asimwambie neno. Kisha akaja Nasreen, mdogo, yule aliyeolewa Upanga bila kuaga na kukaa miaka tisa bila kukanyaga Kariakoo. Huyo mama akamwekea mkono kichwani na kutamka: "Radhi zangu unazo, mwanangu. Ya nyuma nimeyafuta."

"Nimeona kwa macho haya," Hajira humalizia, na hapo huivua miwani yake ya kushonea ili macho yenyewe uyaone.

Mimi najua kuwa saa ile Hajira alikuwa ametupa mgongo, anapakua pilau. Nilikuwa juu, kwenye roshani ya ghorofa la jirani, nimeshika kamera, na mfuniko wa sufuria lake ulikuwa unanipiga mwanga kwenye lenzi. Alichokiona Hajira ni video. Na video ile niliiunga mimi.

Naitwa Anjela. Shule niliishia darasa la saba. Kwenye studio ya Filbert niliingia kwa kufagia na kuchemsha chai. Kuediti nilijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti chake nikiangalia mkono. Hakuwahi kuniambia njoo nikufundishe. Siku moja alikwama harusini, mteja amekaa anangoja, nikavuta kiti nikamalizia. Filbert aliporudi akaangalia kazi mpaka mwisho, akasema, "Sasa Anje, chai atachemsha nani?" Basi, ikawa hivyo.

Ile nyumba ya Mtaa wa Narung'ombe siyo kwamba niliijua kwa kazi tu. Nilikulia humo. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, uani nyuma. Sisi tulipanga cha mwisho kushoto, mama yangu na watoto watatu, tumetoka Newala na gunia moja la vyombo. Choo hakikuwa na komeo. Kulikuwa na jiwe. Jiwe likiwa nje, pita. Likiwa ndani, subiri. Wapangaji wote na watoto wao, miaka yote hiyo, jiwe lile halikuwahi kumwaibisha mtu. Asubuhi ukumbi ulinuka udi wa Bi. Kijakazi na moshi wa majiko yetu, harufu mbili zinasukumana mpaka mlangoni. Na Bibi mwenyewe ukimpa shikamoo hakuitikia kwanza. Alikuuliza, "Umekula?" Ukisema bado, marahaba ilikuja pamoja na sahani. Hakuangalia huyu ni mjukuu, huyu ni mtoto wa mpangaji.

Siku hizi nikipita pale naona shimo na nondo. Nilichobaki nacho ni saa mbili na dakika kumi za kisomo kile, kwa kamera mbili. Nimeiangalia kazi hiyo kuliko harusi yoyote niliyowahi kuediti, hata mahali ambapo hakuna kitu, ni mpapai tu unacheza juu ya bati.

Siku ya kisomo umeme ulikatika. Jenereta likawekwa pembeni, karibu kabisa na miguu ya Filbert aliyekuwa na kamera ya chini. Ya juu ilikuwa yangu. Bibi tulimbana maiki ndogo kwenye mtandio, na kirekoda chake tukakisahau kinawaka hata baada ya spika kuzimwa. Ndiyo maana maneno yale yalinaswa. Pale uani hakuna mtu mwingine aliyeyasikia, kwa ngurumo ile. Na kesho yake Bibi aliamka mdomo umepinda, hakusema tena. Siku ya nane tukamzika.

Salma alipanda ngazi za studio mwezi wa tatu baada ya maziko.

"Shikamoo da Salma."

"Marahaba." Akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani. "Anje, sikuja kugombana. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Hivi kompyuta inaweza kusikia vibaya?"

"Vibaya vipi, dada?"

"Mama aliniambia mimi yale maneno. Mimi. Kanga mdomoni, chini chini, lakini niliyasikia. Sasa naangalia video yenu namwona anamwambia Nasreen. Ukoo mzima wanayo kwenye simu. Nimeiangalia mpaka nimeanza kujiona mimi ndiye mwongo. Jana nimejiuliza, kwani hata nilipiga magoti?"

Nikamwambia ulipiga, dada. Hilo angalau lilionekana.

"Mimi ndiye niliyemleta huyo aliyeinunua nyumba ajenge ghorofa, unajua. Miezi minne mama hakunisemesha, tunakula sinia moja. Kama siku ile hakunipa radhi, basi sinayo, Anje. Nitaipata wapi tena?"

Kulikuwa na kitu nilikuwa nakijua na nimekikalia. Wakati naunga ile kazi nilisikia vikombe. Anuari, muuza kahawa wa mtaa wetu, alikuwa amealikwa na dele lake, na kama kawaida yake alikuwa anagonga vikombe viganjani: viwili, anapumzika, vitatu. Nilivisikia vikigonga, na kwenye picha ya Filbert mikono ya Anuari imetulia tuli. Nikasema labda kuna muuza kahawa mwingine ng'ambo ya ukuta. Kazi ilikuwa inadaiwa arobaini haijafika, nikaipitisha.

Salma alipoondoka nikamfuata Filbert dirishani, anasafisha lenzi.

"Kaka, siku ya Bi. Kijakazi uliizima kamera?"

"Niizime? Kisomo chote ilikuwa inawaka."

"Chote chote?"

Akaishusha lenzi. "Aa. Ile Fatiha ya mwisho. Walipoinua mikono. Sasa mimi, Filbert wa Masasi, nisimame na lenzi puani mwa watu wanaomwomba Mungu? Nilizima, nikainamisha kichwa. Walipojipangusa nyuso nikawasha."

"Hukuniambia."

"Kwani hilo nalo ni la kuambiana? Ni heshima tu."

Nilikaa chini. Kamera ya Filbert hukata faili yenyewe kila baada ya dakika ishirini hivi, bila kupoteza hata kufumba kwa jicho, kwa hiyo mimi nimezoea kuchukua vipande kwenye kadi na kuvipanga kimoja nyuma ya kingine, mkia kwa kichwa. Mwanzo wa kazi niliulinganisha kwa kofi analopiga Filbert mbele ya kamera kabla ya kila shughuli; ukakaa vizuri. Kipande cha nne nikakiunga na cha tatu kama ndugu. Kumbe katikati yao kuna Fatiha nzima haipo. Kuanzia pale, picha ilikuwa inakimbia mbele na sauti inafuata nyuma, na kwa kuwa Bibi alikuwa ameziba mdomo, na wengine wote ni migongo na vichwa, hakuna aliyegundua. Sauti ya kamera yenyewe ingenisaidia, lakini ya Filbert ilikuwa jenereta tupu. Kompyuta iliisikiliza ikashindwa.

Nikaanza upya. Kwanza kamera yangu ya juu, ambayo haikuzimwa. Sauti yake ni ya mbali ila ni safi, kompyuta ikailaza sambamba na maiki ya Bibi mara moja. Ila kwa macho haikunisaidia: kutoka roshani watu ni kanga tu, na Salma na Nasreen walishona sare. Huwezi kujua nani kapiga magoti. Lakini Anuari alikuwa peke yake, kanzu nyeupe, dele linang'aa. Nikamvuta karibu. Mkono unafunga, kikombe kinalia. Viwili. Anapumzika. Vitatu. Sauti na mkono pamoja.

Halafu nikaiweka picha ya Filbert pembeni ya yangu, nikamtafuta Anuari yule yule kwa upande wa chini. Nikasogeza kipande cha nne mbele kidogo kidogo, nikakipitisha, nikakirudisha, fremu moja moja, mpaka mikono miwili ya mtu mmoja ikawa inafunga kwa pamoja kwenye skrini mbili. Nikahesabu pengo. Sekunde ishirini na tatu.

Sikujiamini. Kitu kinaweza kukaa sawa mahali pamoja kikapotea mbele. Nikaenda mwisho wa kipande, pale Hajira alipoangusha upawa kwenye karai. Upawa ukaanguka na mlio wake. Ndipo nikarudi kwenye mkeka, nikabonyeza.

Salma anapiga magoti. Bibi anavuta upindo wa kanga mdomoni. Kule pembeni kabisa mgongo wa Hajira umeinamia sufuria. Na sauti ya Bibi, nyembamba, imejaa kanga: "Radhi zangu unazo, mwanangu. Ya nyuma nimeyafuta." Salma anainuka, anajikwaa, anaondoka. Nasreen anakuja, anapiga magoti pale pale. Bibi anamwekea mkono kichwani. Jenereta, vikombe. Halafu:

"Umekula?"

Kwenye video ya kwanza neno lile lilimwangukia Anuari akiinama kumimina kahawa. Msiba mzima tulilicheka, kwamba Bibi hata muuza kahawa alimuuliza kama amekula.

Nilimpigia Salma simu, akaja bila hata kubadilisha kanga ya jikoni. Alitazama mara tatu. Mara ya tatu akagusa skrini, siyo uso wa mama yake, ule mkono ulioshika kanga. "Alinisemesha," akasema. Sikusikia akilia mpaka alipofika kwenye ngazi.

Kesho yake video mpya ilikuwa kwenye simu za watu. Hajira akasema wazi, cherehani inaenda, "Mitambo hiyo inachezewa. Mimi nilikuwepo." Nikamwambia, "Shangazi, upo, unaonekana, unapakua pilau." Akasema hata huo mgongo siyo wake.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, akaja Nasreen. Nilisikia bajaji inasimama chini, halafu viatu, hatua za mtu anayepumzika kila ngazi ya tatu. Filbert alikuwa harusini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, hakukaa.

"Niwekee hiyo mpya."

Nikaweka. Alipofika yeye kwenye mkeka na lile neno likasikika, akaniambia simamisha.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, dada?"

"Nilikuwa nimepiga magoti pale, Anje. Niliyasikia. Aliniuliza nimekula. Nikamwambia nimekula, na sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi kwa woga. Nilirudi Upanga nalia njia nzima, dereva wa bajaji ananiuliza dada nikupeleke hospitali? Miaka tisa, halafu umekula?" Akajifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Halafu mkaleta video yenu. Nikasema kumbe. Kumbe nilisikia vibaya, kumbe ni ile jenereta. Nikaamua kuiamini video kuliko masikio yangu. Miezi miwili nimelala vizuri."

"Dada, Bibi neno hilo..." Nilitaka kumwambia kuhusu sahani. Kwamba nilirudi siku moja nimefukuzwa shule kwa sare, nimepitia mlango wa nyuma nisionekane, na neno lile ndilo lililonikuta uani. "Bibi neno hilo hakuwa analisema hivi hivi."

"Alimuuliza kila mtu. Hata ninyi wapangaji." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu tu. "Mimi sikuwa nimekuja kula."

Chini barabarani wapakuaji mizigo walikuwa wanapigiana kelele wapishwe. Nasreen akavuta kiti, akakaa karibu yangu, magoti yake yakagusa yangu, kama tulivyokuwa tunakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, yeye msichana mkubwa ananifundisha na mimi namwaga nusu chini.

"Salma ameshapata yake. Simnyang'anyi. Nani ataumia? Wewe irudishe tu ile ya kwanza, nakala moja, ya kwangu. Simwonyeshi mtu. Nikiweka masikioni nisikie ananiambia mimi." Akanishika mkono ule ulioshika mausi. "Salma kaniambia ni sekunde ishirini na tatu tu, mdogo wangu. Mlizikosea bure. Sasa mimi nakuomba."

Kwenye skrini Bibi alikuwa pale nilipomsimamisha, kanga mdomoni, mkono juu ya kichwa cha binti yake, ameshauliza na anangoja ajibiwe.

"Anje," Nasreen akasema. "Utanirudishia?"