Udi Juu ya Sanduku la Tolliver

Mtu wa Unguja akikiheshimu kitu, hukifukiza. Nguo za sikukuu hufukizwa, chumba cha bibi harusi hufukizwa, na mgeni wa maana haondoki bila kupata moshi wa udi. Kwa hiyo Mahfudha alipoliona sanduku la makaratasi yenye uvundo sebuleni mwake, Langley Park huko Marekani, hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Sanduku lilikuwa la kazini kwa bintiye Tasnim, aliyeajiriwa kwenye hifadhi moja ya nyaraka mjini Washington. Ndani mlikuwa na makaratasi ya Augustus Tolliver, Mmarekani mweusi aliyechapisha gazeti lake zamani, wakati kulichapisha kulitaka roho ngumu. Wabaya wake walikichoma moto kiwanda chake cha chapa, na mkewe akayaokoa makaratasi kwa kuyaficha kwenye pipa la unga. Kitukuu chao, Bi Lorraine, ndiye aliyeyatunza mpaka jioni ile alipomkabidhi Tasnim. Tasnim alitakiwa ayapeleke ofisini moja kwa moja. Lakini kwenye Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji, magari hayaendi, njaa inamuuma, akaona yatalala tu nyumbani.

Asubuhi alifunua kifuniko, harufu ikampiga usoni.

"Mama, what did you do?"

"Nimeyafukiza. Makaratasi ya mzee wa watu, utayapeleka yananuka panya?"

Ofisini, mkuu wake alinusa akarudi nyuma. Moshi huo una mafuta, alisema, na mafuta hayatoki kwenye karatasi. Nani kafanya hivi?

Ungemsikia Tasnim siku nyingine akiwasimulia wenzake habari za Unguja, ungedhani kwao ni ikulu. Siku ile akilini alimwona mama yake amechuchumaa mbele ya chetezo, kanga kiunoni, akipepea moshi kwa gazeti la matangazo ya supamaketi, akamwonea haya.

"Yalikuwa hivyo hivyo nilipoyachukua kwa Miss Lorraine," alisema.

Mkuu hakuchelewa. Alimpigia simu Bi Lorraine papo hapo, sauti ikisikika chumba kizima, akamwambia kuna mtu ameyatia moshi makaratasi, na hifadhi itabidi imrudishie sanduku lake.

Bi Lorraine alizungumza polepole.

"Kwetu hatuwashi hata mshumaa karibu na sanduku lile. Tangu enzi za bibi yangu, kwa sababu ya ule moto. Lakini siku hizi nasahausahau. Kama ni mimi, basi nisameheni. Nimewaangusha wazee wangu."

Aibu ilimpanda Tasnim mpaka masikio yakamwaka. Alitamani simu ikatike, haikukatika.

"Si wewe, Miss Lorraine," alisema. "Ni mama yangu. Na mimi ndiye niliyelilaza sanduku kwetu, kisha nikakusingizia."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Kwa kuwa kosa halikuwa la Bi Lorraine, sanduku lilipokelewa, likatengwa kwenye chumba chake peke yake. Tasnim akaambiwa asiliguse tena.

Jioni Mahfudha alikuwa akimngoja na chai ya tangawizi.

"Haya, wamesemaje? Wameipenda harufu?"

Tasnim humjibu mama yake kwa Kiingereza tangu utotoni. Safari hii alikitafuta Kiswahili.

"Waliniuliza nani kayafukiza, mama. Nikakukana."

Mahfudha aliitua birika. Alikwenda sebuleni, akakichukua chetezo, akakifunga ndani ya mfuko na kukiweka juu kabisa ya kabati, nyuma ya masufuria wasiyoyatumia.