Makadirio ya Mhina

Asubuhi moja ya kiangazi, baada ya uji, Mhina alitandaza kamba yake uwanjani na kuanza kupima nyumba ambayo haikuwapo bado. Kamba ilikuwa na fundo kila pima moja. Ncha ya pili aliishika shemeji yake Sadala, mtu wa jicho moja, ambaye kwa maoni ya Mhina alifaa zaidi kulenga mistari kwa kuwa hakuwa na jicho la kufumba.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Handeni, na kilikuwa na nyumba tisa. Hesabu ya Wadachi ilikuwa nyepesi: kila paa lilitoa mwanamume mmoja wa kwenda kukata mkonge ng'ambo ya Korogwe, msimu mzima. Nyumba zenye wanaume watatu au wanne zilipokezana. Nyumba ya Mwanaidi, dada yake Mhina, ilikuwa na mumewe Sadala peke yake, kwa hiyo kila mwaka aliyekwenda ni Sadala. Msimu uliopita ncha ya jani la mkonge ilimtoboa jicho la kushoto. Mwanaidi alisema mumewe akienda tena, yeye atarudishiwa kipofu, na hakuna aliyembishia.

Ndipo tulipopata wazo la paa moja. Kama serikali inahesabu mapaa, basi tubomoe nyumba zote tisa, tukae pamoja, kijiji kizima kitoe mtu mmoja. Zamu ya Sadala ingemfikia akiwa na wajukuu. Wakati ule kila mtu alidai wazo ni lake. Siku hizi halina mwenyewe.

Kukadiria nyasi alipewa Mhina, kwa sababu reli ilipokuwa inakuja Korogwe alishika mnyororo wa wapimaji. Alishika ncha ya nyuma, lakini aliishika kwa miezi mingi, na alikuwa na namna ya kukunja uso ambayo sisi tuliidhania kuwa elimu. Alipima urefu, akapima upana, akavizidisha mchangani kwa kijiti na kutaja idadi ya matita. Tulikata nyasi mpaka mbuzi wakaanza kututazama vibaya. Tukaezeka, na nyasi zikaisha tukiwa tumebakiza pengo la kutosha kupitisha ng'ombe. Mhina alizunguka jengo akiwa ameweka mikono nyuma, akasema nyasi za mwaka huu ni nyembamba. Ukweli ni kwamba alikuwa amepima sakafu. Paa lake lingetosha kabisa kama tungelilaza chini.

Mvua za kwanza zilipokuja, zile nyasi zilizokwisha kukatwa, kukaushwa na kufungwa zilitoa mizizi kwenye fito, zikachipua, na baada ya siku chache zikaziba pengo. Zilikuwa mbichi na hazikuvuja. Bibi Mashavu, mkubwa wetu wa kijiji, alisema sasa itabidi paa lipaliliwe, akagawa zamu. Mhina alisema jambo hilo alikuwa amelitia katika makadirio tangu mwanzo.

Halikukoma hapo. Binamu zetu walipohamia kutoka Mazinde, paa lilisogea likafunika mikeka yao. Bibi Mashavu alipohamishia mafiga nje kwa sababu ya moshi, lilimfuata nje. Lilivuka nguzo zetu za mwisho likaendelea bila nguzo, nasi tukafurahi kwamba tumeokoa miti.

Akida, mtu wa serikali aliyehesabu mapaa, alikuja baada ya mavuno. Alikuwa mtu wa pwani, mtaratibu, aliyepanda punda na kufuatana na askari wawili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini."

"Nyumba kubwa hii."

"Ni moja," alisema Bibi Mashavu.

"Naona ni moja," akida alikubali, akaandika moja.

Mwanaidi alimshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo si desturi yetu, na hakuna aliyemkemea. Akida alikuwa akifunga mkoba wake. Alitazama juu, kama mgeni yeyote anavyotazama, akauliza ni nani aliyekadiria nyasi za paa kubwa namna hii.

Bibi Mashavu alianza kukohoa. Sadala alimkanyaga Mhina mguu.

"Usinikanyage, shemeji," Mhina alisema, akasimama. "Ni mimi."

"Ni sawa na nyumba ngapi za kawaida?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mhina swali la ufundi kwa adabu kama ile. Tangu nyasi zilipopungua alikuwa akilitafakari jambo hilo peke yake, na kosa lake alikwisha kuligundua, ila hakuwa na wa kumwambia.

"Ukipima sakafu utapata kumi na mbili," alisema. "Lakini wanaopima sakafu ni watu wasiojua kazi. Paa limelala mshazari, tena pande mbili. Ongeza mshazari, ongeza upenu, ongeza hapa kwa Bibi jikoni. Kumi na nane."

"Una hakika?"

"Nitapima mbele yako."

Akapima mbele yake. Ncha ya pili aliishika Sadala.

Zilikuwa kumi na nane. Wanaume wenye nguvu kijijini, tukimtia na Mhina, tulikuwa kumi na wanane. Akida alifuta alichoandika, akaandika upya, akasema ni nadra kuona hesabu inakubaliana hivyo. Tulimkasirikia Mhina kwa siku nyingi. Aibu yetu tuliificha, maana alipokuwa akizidisha hakuna aliyeinuka kumziba mdomo. Tulinyamaza kwa sababu tulitaka kujua jibu.

Kesho yake tuliondoka. Mwanaidi alikusudia kumsindikiza mumewe mpaka mwisho wa paa, amuage, arudi. Lakini paa lilikwenda nasi. Liliota mbele yetu juu ya njia, kwa upana wa watu wawili, na nyuma yetu lilikuwa limeungana mpaka kijijini. Kwa kuwa Mwanaidi hakufika mwisho wake, hakuaga. Alitembea na Sadala siku ya kwanza na ya pili, akimweleza habari za mihogo na za mbuzi mwenye mimba, na Sadala akimjibu kama watu waendao sokoni. Askari walisema hawajapata safari yenye kivuli kama hii.

Tulipofika Mto Pangani, Korogwe ikiwa ng'ambo, nyasi zilifika ukingoni zikasimama. Mwanaidi alishika nguo ya mumewe. Akida alishuka kwenye punda, akatazama nyuma jinsi paa lilivyopanda na kushuka vilima.

"Hili ni jipya, au ni lile lile?"

"Ni lile lile," alisema Mhina kwa sauti ndogo. "Limenyooka tu."

"Basi pima nyongeza."

"Kamba nimeisahau."

Kamba ilikuwa begani mwake. Akida aliingoja tu. Mhina alipima kipande kimoja, akazidisha, na machozi yalimtoka akizidisha, lakini hakukosea. Nyongeza ilidai mtu, na wanaume wote wa kijiji tulikuwa tumekwisha kusimama pale.

Akida alimwuliza Mwanaidi jina lake, kwa upole uleule. Mwanaidi alilitaja, naye akaliandika chini ya yetu. Halafu Mwanaidi aliuliza ni nani sasa atakayekaa na Bibi Mashavu na watoto chini ya paa kubwa vile. Akida alisema asihangaike, paa ni zuri na halivuji, na kwamba yeye mwenyewe angepita kuwahesabu mwakani, mvua zikishanyesha.