Sentimita Nne

Mjomba aliipangusa kamera, akaitia mkobani, akafunga zipu. Kwa mtu anayelala na kamera kando ya mto, ule ulikuwa msiba.

"Naiuza," akasema. "Wiki ya tatu hii picha zinatoka na ukungu. Macho yangu yamekwisha."

"Macho yapi? Haya yaliyoniona jana nikimega mkate nikiwa chumba cha pili?"

"Ule niliusikia. Unatafuna kama mashine."

Mkewe, anayepokea wateja wa studio, hakucheka. Miaka ishirini wamekula kwa kamera ile. Nikafungua zipu bila kuomba ruhusa.

Nikaegemeza rula kwenye boksi, ikalala mshazari. "Mjomba, chungulia. Zungusha lenzi mpaka kumi na tano ionekane vizuri, kisha piga."

Akapiga. Kwenye kompyuta, kumi na tano ilikuwa ukungu mtupu. Iliyotoka safi ni kumi na tisa.

"Si nimekwambia?" akasema kinyonge.

Nikapiga mimi, nikilenga palepale. Kumi na tisa. Nikamkabidhi mkewe, mwenye miwani mizito kama kitako cha chupa. Kumi na tisa.

"Basi ukoo mzima tumepofuka," nikasema, "na wote kwa sentimita nne kamili. Mjomba, macho hayaambukizani kwa kupokezana kamera."

Akakaa. Nikamweleza, ingawa kamera ni yake. Ukichungulia, huoni picha yenyewe. Mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinama, unarushwa juu mpaka jichoni. Ukibonyeza, kioo kinaruka na mwanga unanyooka hadi nyuma, picha inapoingia. Njia hizo mbili lazima ziwe na urefu mmoja. Kioo kikikaa vibaya hata kwa unywele, jicho linaona safi na picha inatoka chafu.

"Kwa hiyo, nani amegusa kioo?"

Mjomba akaanza kuchunguza dari.

"Muulize habari za sponji," mkewe akasema.

"Nilibandika mpya tu, pale juu kioo kinapogonga kikiruka. Ile ya zamani ilikuwa inamomonyoka. Huku chini sikugusa kitu."

"Wewe hukugusa. Je, gundi yako?"

Nikatoa lenzi, nikamulika tochi ndani. Kwenye kipini kidogo ambacho kioo hukilalia palikuwa na tone la gundi lililokauka, dogo kama punje ya mchanga. Kioo kilikuwa kimelalia gundi badala ya kipini. Nikalowesha kijiti cha meno kwa spiriti. Mjomba akanidaka mkono.

"Ukikwaruza kioo hicho—"

"Nitakuwa nimekwaruza kitu unachouza. Kinakuuma nini?"

Akaniangalia. Akatazama mkoba uliokuwa wazi. Akaniachia mkono, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nikabana pumzi. Tone lililainika, likang'oka na kijiti. Nikarudisha lenzi, nikampa kamera. Akalenga kumi na tano, akapiga.

Kumi na tano.

Hakusema asante, kwetu mjomba na mpwa hatuharibiani utani hivyo. Alinigeuzia kamera ghafla nikiwa bado nimeachama, akapiga. Akaisogeza picha karibu kwenye kompyuta, karibu zaidi, mpaka mdomo wangu ukajaa skrini nzima.

"Njoo uone," akamwita mkewe, akigusa chembe ya mkate kwenye pembe ya mdomo. "Leo pia amemega."

Picha hiyo iko dirishani mpaka leo, kubwa, ili wateja waone ubora wa kazi.