Matawi Mlangoni

Asubuhi, kule Mangobo, mtaa wa Kisangani, mwanga haukuingia nyumbani kwa Constant kwa mlango. Uliingia kwa paa. Paa la majani lilikuwa limezeeka, limetoboka huku na huku, na kila tundu lilidondosha tone lake la jua: tone juu ya mtungi, tone juu ya mkeka, tone juu ya goti la Élise, binti wa nyumba ile, mwenye miaka minne na macho makubwa kuliko uso.

Élise aliyakamata matone yale. Alivizia, akafunika kwa kiganja, akafumba ngumi, akaibeba ngumi ile polepole hadi ng'ambo ya ua wa mianzi, kwa jirani yao Adèle, mjane aliyetoka Maniema zamani akiwa bibi harusi. "Mama Adèle, hii iko yako." Ngumi ilifunguka, tupu. Adèle alipokea kwa mikono miwili, akafungia ndani ya pindo la kitenge, akashukuru kwa moyo wote. Kisha akamgeuza mtoto kwa mabega na kumwambia arudi ndani, nje kuna umande.

Maana matundu yale yale yalileta mvua, na Élise hakuiweza mvua. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, damu inayojila yenyewe, na baridi ikimgusa tu, mifupa yake inaamka na kuuma. Mvua za Oktoba zilipofika zilimkuta amelala chini ya tundu kubwa kuliko yote. Kulipokucha macho yake yalikuwa ya manjano, ulimi umepauka, na Pélagie, mama yake, alimbeba mgongoni hadi hospitali huku mimba yake nyingine ikimtangulia mbele. Constant, baba mtu, alikuwa mtoni, kazini, mbali.

Ndipo Adèle alipoanza kutembea.

Alitembea na sufuria kichwani, kwa sababu hospitali ile ilitoa kitanda tu, na chakula kilikuwa juu ya ndugu. Alitembea na pondu ya majani ya muhogo, na lituma ya ndizi aliyoiponda mwenyewe alfajiri, na uji wa mtoto ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Akifika, anamshika Pélagie mkono, anampeleka kuoga, anamlazimisha kula. Akirudi, anarudi na nguo chafu. Anafua, anaanika, anapika. Na kesho tena.

Alichoka. Tuseme wazi, bila kumpamba: alichoka miguu, alichoka shingo, alichoka hata huruma. Zipo siku aliposimama njiani chini ya mti wa parachichi, sufuria kichwani, akatamani mtoto yule awe wa mtu mwingine, wa mtaa mwingine, wa mji mwingine kabisa. Kisha alijionea aibu, akaendelea. Watu humsifu anayesaidia, lakini hawaulizi analala saa ngapi. Adèle alilala akiwa amekaa, akakaa akiwa amesimama, na kesho tena.

Damu yake pia aliitoa. Walimpima, wakaona inakubaliana na ya mtoto, wakaichukua, naye akaitazama ikishuka ndani ya mpira, tone kwa tone, hadi kwenye mkono mdogo kama kijiti. Élise alipata rangi kidogo. Halafu rangi ikaondoka tena, kama ilivyokuja.

"Inafaa ipatikane nyingine," muuguzi alisema siku ya Ijumaa. Alikuwa kijana mpole, naye amechoka. "Wewe, mama, ulishatoa. Mara ya pili hapana, nitakuzika."

"Na mimi je?" Pélagie aliuliza.

"Na tumbo hilo? Hapana." Ndugu zake Pélagie waliotoka Yanonge walikuwa wameshapimwa mmoja mmoja, na damu yao ilikuwa imekataa. "Papa yake iko wapi?" muuguzi aliuliza. "Walimupima mwaka jana, yake inaingiana. Lakini afike kesho, mbele ya giza. Kisha ya pale, sijui."

Ilibaki Constant, basi. Constant alikuwa mpimaji wa kina kwenye boti la mizigo: husimama puani mwa boti na upondo uliopakwa rangi, anauchovya majini, anamwimbia kapteni maji ni marefu au mafupi, boti lisipande mchanga. Ujumbe ulikuwa umemfuata mtoni, mdomo kwa mdomo, mtumbwi kwa mtumbwi, na mtumbwi mmoja ulikuwa umerudisha jibu kutoka Isangi: anapanda mto, Jumamosi atafika. Nchi nzima ya Zaire ilisubiri mambo mengi miaka ile. Mtaa mmoja wa Mangobo ulimsubiri mwanamume mmoja na damu yake.

Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Kila mkaaji alitakiwa atoke na jembe au ufagio kufanya kazi ya umma, atake asitake. Mkubwa wa mtaa alikuwa tonton, yaani amu, Alexis, ambaye serikali ilikuwa imemnyang'anya jina hilo la ubatizo na kumtaka aitwe Citoyen, yaani raia, lakini uani watu walimwita Alexis na yeye aliitika. Alisimama katikati ya njia, beji ya chama kifuani, akatazama mifereji iliyojaa majani, akatazama paa la Constant.

"Bon," alisema. "Leo salongo iko kule juu. Mutoto akirudia, asinyeshewe tena."

Wazo zuri. Nani angelikataa? Walikwenda na mkokoteni hadi upande wa Simi-Simi, wakakata matawi ya michikichi, mabichi, marefu, wakarudi nayo yakiburuzika barabarani. Adèle alikuwa anatoka, sufuria kichwani, waliposhusha mzigo mbele ya mlango wa Constant.

"Mama, tuweke wapi?"

Angelipaswa kufikiri. Siku nyingine angelifikiri. Lakini usingizi ulikuwa umekaa juu ya kope zake, na uani kulikuwa na kamba mbili za nguo za mtoto.

"Muache pale pale, ku mulango. Ndani iko na manguo."

Wakayaacha pale pale. Ili njia isizibwe, waliyasimamisha, mengine upande huu wa mlango wa ua, mengine upande ule. Adèle alipita katikati yake, hakugeuka.

Hospitali siku ile ilinuka dawa na mvua. Élise alikuwa macho, midomo imekauka, pumzi fupi fupi. Adèle alimkalisha, akamwekea kijiko mdomoni. Mtoto alionja, akafunga mdomo, akageuza uso ukutani.

"Iko na moshi," alisema kwa sauti ndogo. "Sitaki."

"Basi huo uji uungue na moshi wake," Adèle alisema, akapandwa na hasira, hasira kweli, kwa kuni mbichi alizozipuliza alfajiri hadi machozi. Pélagie alicheka. Hakuwa amecheka tangu mtoto alazwe. Walicheka wote wawili, kicheko kibovu cha watu wasiolala, na Adèle akaufunga uji wake akaondoka.

Alirudi jua likiwa limeanza kuinama. Kutoka kwenye kona alisikia nyimbo. Juu ya paa, upande wa nyuma, wanaume waliimba nyimbo za chama, kwa kuwa ndizo kila mtu alizozishika, na Alexis alikuwa amechukua ngoma kuwatia nguvu. Wanawake waliokuja kupika walikuwa wamemaliza, wamekaa chini juu ya mikeka, miguu imenyooshwa, mashavu mikononi kwa uchovu. Gogo walilopikia lilikuwa bado likiwaka katikati ya uwanja. Na mlangoni, matawi ya michikichi, yamesimama huku na huku.

Adèle alisimama.

Kisangani nzima inajua. Mtoto anayejifunza kutembea anajua. Tawi la mchikichi likisimama mlangoni, gogo likiwaka uwanjani, watu wakikaa chini na ngoma ikilia, hapo hapaulizwi kitu. Hapo kuna matanga. Hapo mtu amekufa.

Chini ya tawi la upande wa kuume palikuwa na begi la turubai. Halikutupwa. Liliwekwa, taratibu, limeegemezwa vizuri. Juu yake samaki wa kukaushwa wamefungwa kwa majani, na juu ya samaki viatu viwili vya plastiki, vyekundu, vya mguu mdogo sana.

"Begi hii ni ya nani?" aliuliza. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyemwona. Walikuwa wakiimba.

Constant amefika, basi. Amepitia nyumbani kuuliza mtoto amelazwa wapi, na mlango wake mwenyewe umemjibu.

Adèle alitua sufuria. Alitaka kukaa. Mwili wake wote ulimwomba akae hapo kwenye mkeka, amtume mtu mwingine, aliye na miguu. Lakini neno lilikuwa lake. Pale pale, ku mulango. Alivua ndala moja iliyokatika, akaiacha, akavua na ya pili, akakimbia kuelekea botini, maana mtu wa mto huurudia mto.

Akakimbia, kama wanavyokimbia wanawake wa umri wake, kwa mabega na kwa pumzi. Kupita soko, kupita mifereji ambayo salongo haikuifikia, kupita watu wanaouliza mama, kuna nini, kuna nini. Mto ulikuwa mbali. Ee Mungu, mji huu una mito kila upande, na siku ya haja mto unakuwa mbali! Alimwomba Mungu boti lising'oe nanga. Alimwomba msamaha kwa siku zile za chini ya mti wa parachichi.

Boti lilikuwepo, limefungwa, tupu. Puani mwake alikaa Constant peke yake, upondo mikononi. Aliuchovya majini, akautoa. Akauchovya, akautoa. Midomo yake ilitaja kina cha maji kwa kapteni asiyekuwepo.

Alimwona Adèle anakuja, pekupeku, kilemba kimeanguka, na kwa mtu kama yeye, siku kama ile, mwanamke anayekimbia hivyo ana habari moja tu. Aliachia upondo. Aliziba masikio yake kwa viganja.

"Usiniambie, Mama Adèle. Niliona. Usiniambie kwa mudomo."

Adèle alikuwa akihema. Maneno yalipanga foleni nyuma ya pumzi. Alipanda ubao, akaanguka kwa magoti, akamshika vifundo vya mikono, akavivuta, akamwonyesha mkono wake mwenyewe, penye kiwiko, ambapo alama ya sindano ilikuwa bado ya zambarau.

"Yangu iko ndani yake," alisema hatimaye. "Iko inatembea. Matawi ni ya paa, Constant. Ya paa! Mutoto iko muzima."

Constant alimtazama bila kuamini. Watu husema uongo wa huruma mtoni, ili mtu asijitupe. Alijua hilo na Adèle alijua kwamba anajua.

"Leo amekataa uji wangu," Adèle alisema. "Amesema iko na moshi."

Uso wa Constant ukavunjika. Alimjua binti yake. Uongo wa huruma ungesema mtoto anakuuliza, mtoto anakuita. Hakuna ambaye angebuni moshi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, hata wavuvi kwenye mitumbwi ya jirani waliinua vichwa, kisha akasimama, akamnyanyua Adèle pia, na kusema kitu kimoja tu.

"Twende. Wachukue yote."

Hawakuchukua yote. Walichukua iliyotosha, giza halijaingia, na muuguzi yule mpole alimkalisha Constant kwenye benchi karibu na kitanda. Élise alimwona baba yake kwa jicho moja, akauliza viatu alivyoahidiwa, akalala. Rangi ilirudi midomoni polepole sana. Safari hii ilikaa.

Hakupona. Hili nalo tuliseme wazi. Ugonjwa ule hauponi. Unakwenda, unazunguka, unarudi kubisha hodi, na Adèle alijua kwamba sufuria itapanda tena kichwani, mwezi ujao, mwaka ujao. Lakini alirudi nyumbani, Élise, mgongoni kwa baba yake, viatu vyekundu vikining'inia huku na huku, na mlangoni hapakuwa na tawi hata moja. Yote yalikuwa juu, yamelala, yamefungwa, hayapitishi tone.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamka, akatazama mkeka, mtungi, goti lake. Giza jema, kavu. Hakuna tone la jua popote.

"Mwangaza yangu iko wapi?" aliuliza, akainua mkeka kutafuta.

Pélagie na Constant walitazama juu, kwenye paa jipya. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, hata kidogo.

Lakini mlango ulikuwa wazi. Adèle alikuwa ameleta uji, safari hii uliopikwa kwa mkaa, usio na moshi, akakaa kizingitini apumzike kidogo tu, kidogo tu, kabla ya kufua. Kichwa kilikuwa kimeegemea mwimo. Bakuli lilikuwa bado mapajani. Jua lililokuwa likiingia kwa matundu mengi sasa liliingia kwa hapo tu, zima, likamwangukia usoni.

Élise alivaa viatu vyake. Alikwenda hadi mlangoni, akautazama mwanga ule mkubwa, usioenea ndani ya ngumi. Hakujaribu kuukamata. Aliinua viganja vyake viwili, akavipanga juu ya macho ya Mama Adèle, bila kumgusa, ili jua lisimwamshe. Akasimama hivyo, mikono ikimchoka, hadi baba yake alipokuja kushika upande wa pili wa kivuli.